Ekrani ya inchi 17 inawaka sekunde mbili kisha giza: nitengeneze ao ninunue ingine?

MamaFotokopi (Goma, Katindo)

Jambo wandugu, mafundi na wenye mashine.

Niko na kibanda cha kuchapa na fotokopi hapa Katindo: mashine mbili (kompyuta), imprimanti moja ya kuchapisha, benchi ya wateja. Ekrani ninayotumia mimi mwenyewe ni mzee. Inchi 17, ile ya mraba, ya VGA (tundu la zamani la kebo ya picha), mgongoni kuna karatasi ya mwaka 2007. Niliinunua okazioni, yaani iliyokwisha tumika, mwaka 2014 na sijawahi kuijutia.

Ugonjwa wake sasa: asubuhi nikibonyeza kitufe, picha inakuja sekunde mbili, kisha giza totoro. Taa ndogo ya kijani inabaki inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nazima, nawasha, nazima, nawasha, mpaka inashika. Ikishashika na kupata joto, inafanya kazi hadi jioni bila neno. Mwezi uliopita ilikuwa mara tatu. Jana nilihesabu mara ishirini na mbili, mwanafunzi amesimama nyuma yangu na flashi yake mkononi, anatazama saa. Tena nusu saa ya kwanza ukurasa mweupe una wekundu, kama maji yaliyooshewa nyama.

Nimebadili kebo: vilevile. Nimeifunga kwenye mashine ya pili: vilevile. Ekrani ya mashine ya pili nimeileta kwangu, inawaka vizuri. Basi mashine haina kosa. Kijana wangu wa kazi yeye dawa yake ni kuipiga kofi ubavuni. Siku zingine inamtii, lakini nimemkataza, maana siku itakayomkatalia atatafuta nyundo.

Mtaniambia si ununue ingine tu. Ngojeni. Mimi kazi yangu ni TFC, kile kitabu cha kumaliza chuo, kurasa za A4 zilizosimama. Ekrani hii ya mraba ina nukta 1280 kwa 1024. Zile pana za bei ndogo ninazoonyeshwa mjini nyingi ni 1366 kwa 768. Pana ndiyo, lakini fupi! Naona nusu ya ukurasa, nashuka, napanda, nashuka, kama mtu anayechota maji. Sitaki.

Fundi mmoja wa barabarani aliitazama dakika moja, akasema imekufa, nimwachie kwa dola tano atoe vipuri. Mtu anayesema kitu kimekufa halafu anataka kukinunua, mimi simwamini.

Kuna mwenye kujua?

FundiBirere (Goma)

Mama, salamu. Usiiuze. Leo usiku zima taa ya nyumba, washa ekrani, ngoja iingie gizani, kisha chukua tochi ya simu uiweke karibu sana na kioo, kwa pembeni kidogo, si moja kwa moja. Tazama kama unaona herufi hafifu. Rudi utuambie, tuendelee.

KijanaWaNdosho (Goma)

Mama Fotokopi achana na mateso. Nunua televizio ndogo ya volti 12, ile ya kufunga kwenye batri ya jua. Ina VGA, ina HDMI (tundu la picha la siku hizi), na wateja wakichelewa wanatazama mpira. Mama unashinda mara mbili!

MamaFotokopi

Mwanangu, wateja wakitazama mpira kwangu, nani atasoma makosa ya TFC yake? Halafu jirani yangu aliijaribu. Herufi ndogo zinavimba pembezoni, ukurasa unakatwa ukingoni, na nukta ni zilezile 768 ninazozikimbia. Televizio ni ya kutazama kutoka kitandani. Mimi niko nusu mita.

MamaFotokopi

Fundi, nimefanya. Nimezima kila kitu, nikaweka tochi. Nimeona! Picha iko mle ndani, herufi zote, hafifu kama kusoma kwa mwezi. Hadi jina la profesa wa yule mwanafunzi nimelisoma, na nimegundua tumelikosea. Hiyo inamaanisha nini?

FundiBirere

Inamaanisha kioo chako ni kizima na kadi inayochora picha ni nzima. Kilichozima ni mwanga wa nyuma.

Ekrani za umri huo hazina LED, zile taa ndogondogo za siku hizi. Nyuma ya kioo kuna taa za mirija, nyembamba kuliko kalamu, ndugu wadogo wa zile neoni ndefu za dukani, zina gesi na zebaki kidogo ndani. Kuziwasha si kazi ya volti 12. Kuna kadi ya inveta inayopandisha umeme hadi volti mia kadhaa, na wakati wa kuwasha inapita hata elfu. Kadi hiyo inajichunga: ikiona taa moja haivuti sawasawa, ao ikiona umeme unaoiingia unayumba, inakata taa zote. Inachukua kama sekunde moja ao mbili kuamua. Ndizo sekunde mbili zako.

Sasa wenye kosa wanaweza kuwa wawili. Wa kwanza ni kondensateri za kadi ya umeme, vile vipipa vidogo vinavyoweka umeme. Za mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa na sifa mbaya dunia nzima, dawa ya ndani ilikuwa mbovu, zinavimba kichwa hata kabla ya kuzeeka. Kondensateri mbovu ikipata joto inapata nguvu kidogo, ndiyo maana mchana ekrani yako inatulia. Hiyo inatengenezeka kwa vitu vya bei ya sahani ya wali. Wa pili ni taa zenyewe kuchoka. Ule wekundu wa asubuhi unanitia wasiwasi: taa ya mrija ikizeeka huanza na wekundu, kisha inasafika ikipata joto. Inawezekana una yote mawili.

Na kofi la kijana wako nalo lina maana. Kama kofi linasaidia kweli, kuna mahali risasi ya kulehemu imepasuka, mara nyingi kwenye miguu ya transfo za inveta. Lakini usimwambie, ataona ni fundi.

BinKisiwani (Mombasa)

Assalam aleikum mama. Nimesoma nikitabasamu. Hiyo "kondensateri" yenu huku twaiita kapasita, ni kitu kimoja, mtu asipotee.

Naongeza la usalama, kwa sababu najua fundi hajalisema na wewe una kijana mwenye mkono mwepesi. Asifungue mtu hiyo ekrani kwa bisibisi ya jikoni. Ndani kuna kapasita moja kubwa, pipa la volti 400 ama 450. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa mle unakuwa karibu volti 325, na hilo pipa laweza kubaki limejaa hata baada ya kuchomoa. Laacha alama mkononi, na kwa mwenye moyo dhaifu laacha zaidi ya alama. Chomoa, subiri, kisha fundi alimalizie kwa balbu ya zamani ya waya, wati 40, ashike waya zake kwenye miguu miwili ya kapasita. Kuna wanaochokoza kwa bisibisi hadi cheche iruke. Wanajionyesha tu, hapana ufundi hapo.

Wakati wa kubadilisha: mikrofaradi zilezile, volti zilezile ama zaidi, kamwe si pungufu, na ziwe za kuhimili joto la nyuzi 105, zile za upinzani mdogo wa ndani. Ule mstari uliochorwa ubavuni ni upande wa hasi. Ukigeuza, ikiwashwa yapasuka, na kunuka kwake hutakusahau.

MwalimuBagira (Bukavu)

Samahani mama naingilia. Yangu si giza. Yangu imekuwa ya manjano yote, kama gazeti la mwaka jana, na ya mke wangu ina mstari mmoja wa kijani kutoka juu hadi chini. Ninunue mbili?

FundiBirere

Mwalimu, ya manjano ni bluu iliyopotea. Kwenye VGA kila rangi ina sindano yake: ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Chomoa kebo, tazama kama sindano ya tatu imelala ao imevunjika, jaribu kebo ingine. Hiyo huenda ukaponea kwa kebo tu.

Ya mstari: bonyeza kitufe cha menyu ya ekrani yenyewe. Menyu hiyo haitoki kwenye mashine, inatoka ndani ya ekrani. Mstari ukipita hadi juu ya menyu, ni kioo chenyewe, utepe mwembamba uliogundishwa ukingoni umeachia. Hapo hakuna fundi wa mtaa atakayekusaidia, mimi pia sitakudanganya. Lakini mstari mmoja haumzuii mtu kufanya kazi. Mke wako auzoee, ama auite mapambo.

MwalimuBagira

Sindano ya tatu ilikuwa imelala! Nimeinyoosha na pini. Bluu imerudi. Habari ya mapambo nitamwambia nikiwa nimesimama karibu na mlango.

PapaSiberi (Lubumbashi)

Mama wa Goma, mimi niko Kenya. Kenya komuni ya Lubumbashi, si nchi, ndugu wa Mombasa asinitafute. Nina siberi, nyumba ya intaneti, yenye ekrani tisa, nataka niseme upande mwingine wa mambo, maana mafundi wanapenda kufufua na hawahesabu.

Unafanya kazi na batri umeme ukienda? Kama ndiyo, soma kibandiko cha mgongoni. Ekrani ya inchi 17 ya taa za mirija inakula kama wati 35. Ya LED ya inchi 22 ya siku hizi inakula kama wati 20, ingawa ni kubwa zaidi. Chukua batri ya volti 12, ampea-saa 100. Kwenye karatasi ni wati-saa 1200, lakini ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu, basi una 600. Ekrani yako kwa saa 8 inakunywa 280, karibu nusu ya chakula chote, na mashine yenyewe bado haijala, na konvertiseri, ile inayogeuza umeme wa batri kuwa kama wa ukutani, nayo inaiba yake. Ile ya LED kwa saa zilezile inakunywa 160. Unabakiwa na 120, ni saa sita zingine za ekrani hiyo. Ndicho kilichonifanya niondoe za mirija zote tisa, moja moja, ilinichukua karibu miaka mitatu. Sikuziondoa kwa sababu zilikufa.

Lakini mama ana haki kwa habari ya urefu. Asinunue 768. Atafute ya 1920 kwa 1080. Hapo ana mistari 1080 kwenda chini, inazidi 1024 yake, na upana unatosha kuweka kurasa mbili bega kwa bega: kushoto maandishi ya mkono aliyoskani, kulia anachapa.

MamaFotokopi

Papa Siberi, aksanti, hiyo hesabu nimeiandika ukutani. Batri yangu ni hiyohiyo ya 100, na mimi nilikuwa nalaumu batri! Kila siku saa tisa konvertiseri inaanza kulia, nikafikiri nimeuziwa batri ya bandia.

Kurasa mbili bega kwa bega... hapo umenishika. Wanafunzi wananiletea daftari la mkono, nalikunja hapa na shingo inauma.

Niulize neno. Wateja wangu wanakaa kwenye benchi ya chini, wanatazama kazi yao kutoka chini. Kwenye hii ya sasa wanasema wanaona nyeusi, herufi zimegeuka rangi kama negativu ya picha. Inabidi wasimame. Mpya nazo ziko hivyo?

PapaSiberi

Inategemea aina ya kioo. Kuna aina inaitwa TN, ya bei ndogo, ukiitazama kutoka chini inafanya hivyo hivyo unavyosema. Kuna IPS, ukikaa popote unaona rangi ileile. Wauzaji wengi hawajui tofauti. Usiwaulize, piga magoti mbele ya ekrani dukani utazame kutoka chini. Watakucheka. Wacha wacheke.

Na ukienda kununua okazioni, nenda na flashi yenye kurasa tupu: moja nyeupe kabisa, moja nyeusi, moja nyekundu, kijani, bluu. Nukta iliyokufa inaonekana hapo. Usikubali ionyeshwe dakika moja, iache iwake nusu saa huku unaongea bei. Ekrani ya umri wako inawaka vizuri ikiwa na joto, wewe mwenyewe umeona. Muuzaji mjanja anaipasha kabla hujafika. Weka mkono mgongoni unapoingia tu.

FundiBirere

Papa amesema kweli, sibishani na hesabu yake. Ila mama yuko katikati ya msimu wa TFC na hajasema kama ana pesa ya 1080 leo. Alete mzee wake kwangu, nimfungue mbele ya macho yake. Nikikuta ni taa, simchukulii franga hata moja.

MamaFotokopi

Wandugu, narudi na habari. Samahani kwa kukaa kimya wiki mbili, wanafunzi walinimeza.

Nilimbeba mzee kwa pikipiki hadi Birere, nimemfunga kwa kitenge kifuani kama mtoto. Fundi alimfungua mbele yangu. Jambo la kwanza lililotoka ni vumbi. Si vumbi la kawaida, ni lile letu jeusi la mawe ya volkano, laini kama masizi, na lilikuwa limejikusanya kwenye kadi ya inveta kuliko kwingine kote. Fundi akasema volti kubwa zinavuta vumbi, na likipata unyevu wa asubuhi linakuwa njia ya umeme kutorokea. Alilisugua kwa brashi ya meno na spiriti. Mimi miaka yote nafuta kioo kila asubuhi kwa kitambaa, mgongo sijawahi hata kuupuliza.

Kisha akanionyesha kondensateri. Tatu zilikuwa na vichwa vilivyovimba, moja imetoa ukoko wa kahawia. Zilikuwa za volti 16. Akaweka za volti 25, mikrofaradi zilezile 1000. Kule alikopata hizo ni kwenye kadi ya dekoda iliyokufa, lakini alizipima kwanza, nikaona. Akalehemu upya miguu ya transfo, maana kulikuwa na ufa mmoja mwembamba kama unywele. Basi kijana wangu na kofi lake alikuwa anagusa kitu cha kweli. Bado sijamwambia.

Ilichukua saa moja na nusu. Nililipa dola sita, na fanta mbili.

Asubuhi iliyofuata nilibonyeza mara moja, ikawaka. Nilibaki nimeweka kidole kwenye kitufe nikingoja giza lije. Halikuja. Hadi leo inawaka mara ya kwanza. Wekundu ndio umebaki, karibu dakika ishirini kila asubuhi, na fundi alinionyesha mbele ya lampu: ncha za mirija zimekuwa nyeusi. Akasema anaweza kutafuta mirija kwenye ekrani ingine iliyovunjika kioo, lakini ni kubadilisha mzee kwa mzee, na hiyo mirija inavunjika kama yai na zebaki yake haifai kupumuliwa. Nilimwambia aache.

Basi nimeamua hivi. Mzee anafanya kazi mpaka TFC za mwaka huu ziishe. Kila siku natia kando franga za kurasa kumi za kwanza, kwenye kopo la Blue Band. Msimu ukiisha nanunua ya inchi 22, 1080, IPS, na magoti nitapiga. Mzee atahamia kwenye mashine ya pili, ambayo inawashwa umeme wa ukutani ukiwepo tu, haigusi batri.

Na umeme ukirudi sikimbilii tena kuwasha. Nachomoa alonji yote (waya wa kurefusha umeme) ukikatika, ukirudi nangoja balbu itulie dakika tano ndipo nachomeka. Jirani wa kinyozi ananicheka, ila yeye ameshaunguza chaja tatu.

Yule wa dola tano alipita jana kuchapisha barua ya kuomba kazi. Nilimchapia kwenye ekrani ileile. Alitazama kioo, akatazama mgongo wake, akaniuliza fotokopi ni bei gani.

Limebaki swali moja. Mashine yangu nyuma ina VGA, na pembeni yake kuna tundu lenye kona moja iliyokatwa, si HDMI. Ekrani mpya nyingi ninazoona zina HDMI tu. Nitanunua nini katikati?

FundiBirere

Tundu hilo ni DisplayPort, mashine nyingi za ofisi za okazioni wanazo. Nunua kebo ya DisplayPort kwenda HDMI, haihitaji umeme wa pembeni. Usikubali kuuziwa kigeuzi cha kutoka VGA: kile kinataka chakula chake cha USB na herufi zinakuwa na ukungu. Na kebo hiyo haigeuki. Ile ya kutoka HDMI kwenda DisplayPort ni kitu kingine, inafanana, haitafanya kazi kwako. Kabla ya kulipa nipigie picha ncha zote mbili.

KijanaWaNdosho

Mama, hiyo mashine ya pili yenye mzee, mpira itaonyesha?

MamaFotokopi

Njoo na TFC yako kwanza.